Kivuli Nyumbani: Chagua Mahali Kabla ya Kununua Mche

Msimu wa masika unapokaribia, wakazi wengi hununua miche ya kivuli. Mche ukiwa mdogo, ni rahisi kuupanda hatua mbili kutoka ukutani. Miaka kadhaa baadaye mizizi hufika kwenye shimo la choo, au tawi huangukia mabati. Kukata mti mkubwa kando ya nyumba ni kazi ya hatari na ya gharama.

Jambo la kwanza ni mahali. Kenya inapitiwa na ikweta, kwa hiyo jua la alasiri hupiga upande wa magharibi mwaka mzima. Mti ulio upande huo ndio unaopoza vyumba. Mti mkubwa uwe angalau mita 10 kutoka kwenye nyumba, choo na tangi, na usipandwe chini ya nyaya za umeme.

Aina zinazofaa ukanda wa Pwani ni pamoja na:

• Mwarobaini: hukua haraka na kuvumilia ukame.
• Mkwaju: hukua polepole, lakini mizizi yake huenda chini sana, hustahimili upepo na huishi vizazi kadhaa.
• Mwembe: hutoa kivuli kizito na matunda.

Mkaratusi hunywa maji mengi, hivyo usipandwe karibu na kisima.

Kitaluni, chagua mche wenye shina imara ambao mizizi yake haijajizungusha ndani ya kiriba. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina vilevile 60. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Toa kiriba chote, kisha panda mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kitaluni. Tandaza nyasi kavu bila kugusa shina, na uzungushie ua dhidi ya mbuzi.

Miche mingi hufa mvua ikishakatika. Katika kiangazi cha miaka miwili ya kwanza, mwagilia maji mengi mara moja au mbili kwa wiki badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, ili mizizi ifuate unyevu chini. Maji yaliyooshea mboga yanafaa.

Wakazi wanashauriwa kupata ushauri na miche katika vitalu vya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) vilivyo karibu nao. Anayekusudia mkwaju aanze masika haya, kwani kivuli chake huchukua miaka mingi.