Mgeni Mbele ya KICC: Kuisoma Picha Iliyotumwa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, kati ya picha za harusi na za mahafali zilizotundikwa sebuleni, ipo picha ya mtu aliyesimama wima mbele ya jengo refu la mikutano la KICC jijini Nairobi. Amevaa suti au gauni la Jumapili, mikono ameinyoosha ubavuni, na hacheki. Aliyempiga picha alikuwa ndugu au rafiki mwenye kamera ya kuazima, asiye na mafunzo yoyote, na ndiyo maana jengo limeinama na pengine kidole kimeingia pembeni. Ni rahisi kuzipita picha hizi, kwa kuwa ubora wake ni hafifu na zinafanana mno. Hoja yangu ni kwamba ziko miongoni mwa hati bora tulizo nazo za maisha ya Wagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, baada ya uhuru, mradi zisomwe kwa namna zilivyokusudiwa. Zilikuwa barua kwa watu wa nyumbani, na anayezisoma kama kumbukumbu za jiji hupotewa na sehemu kubwa ya maana yake.

Uzito wa barua hiyo hauonekani mpaka tukumbuke jinsi mtu kutoka Gusii alivyoingia Nairobi zamani. Kuanzia mwaka 1920 hivi, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, karatasi yenye jina lake, kabila lake, wilaya yake, mwajiri wake, mshahara wake na alama za vidole vyake, ikiwa ndani ya kijisanduku cha bati alichokining'iniza shingoni. Kipande kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini sheria za uzururaji zilibaki, na asiyeweza kuthibitisha kazi yake mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Hati ile iliandikwa na serikali kwa matumizi ya serikali, na mwenyewe hakuulizwa angependa kuonekanaje. Sasa itazame picha ya KICC. Mtu amejichagulia nguo, mkao, mandhari na nani ataipokea. Zaidi ya hayo, hafanyi kazi yoyote pale. Amekuja kutazama, na kukaa jijini bila uthibitisho wa kazi ndiko hasa babake alikokatazwa. Kwangu mimi, uso ule usiocheka hauonyeshi hofu ya kamera. Ni uso wa mtu anayejua kwamba tendo analolifanya lina hadhi.

Hata uchaguzi wa jengo una maana. KICC ilikamilika mwaka 1973, miaka 10 baada ya uhuru, ikiwa imesanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na Mkenya David Mutiso. Ghorofa zake 28, zenye kimo cha mita 105, hazikupitwa na jengo lingine jijini hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mpiga picha asiye na uzoefu alipata taabu kubwa hapo. Lenzi ya milimita 50, iliyokuwa ya kawaida kwenye kamera nyingi za filamu ya milimita 35, ikishikwa wima huona pembe ya takriban nyuzi 40 kutoka chini hadi juu. Kwa hesabu hiyo, anayetaka jengo lote liingie anahitaji kurudi nyuma kama mita 130. Akitaka pia mgeni aliye hatua chache mbele yake aonekane hadi viatu, umbali huo unazidi maradufu, na kufikia hapo majengo mengine yatakuwa yameziba njia. Kwa hiyo alilazimika kuchagua akate kilele au akate miguu. Picha iliyokata miguu ili kilele kibaki inatuambia kwamba waliokuwa nyumbani walitakiwa kuona mahali. Iliyokata kilele ili viatu vionekane inatuambia kwamba walitakiwa kuona hali ya mtu wao. Kasoro tunayoicheka ni uamuzi, na uamuzi huo ulifanywa kwa kumfikiria mtazamaji aliye mbali.

Wapo watakaosema kwamba picha hizi hudanganya: suti ni ya kuazima, na aliyesimama kama tajiri analala na wenzake wanne katika chumba kimoja. Ni kweli. Lakini hakuna mwanahistoria anayetupa barua kwa sababu mwandishi wake alijisifu, maana majigambo yenyewe ni ushahidi wa kile ambacho jamii ilikiheshimu wakati ule. Tatizo lingekuwa kuitumia picha kuthibitisha kipato cha mtu. Tukiitumia kujua alichotamani na alichohisi anadaiwa na ndugu zake, tumeitumia ipasavyo. Kufanana kwake nako kunasaidia, kwa sababu picha hamsini zenye mkao mmoja hutuonyesha desturi, na ile moja iliyouvunja mkao huo hujitokeza mara moja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba picha hizi zinawaacha nje walio wengi, wasiopata nauli wala kamera, hasa wanawake. Hapa lazima tukubali kasoro, lakini tusikubali yote. Gusii ni eneo lenye msongamano mkubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii. Uchache wa ardhi ulisukuma wanaume wengi kutafuta kazi mbali, huku wanawake wakibaki na shamba na watoto. Mara nyingi, basi, mama au mke ndiye aliyeipokea picha, akaamua itundikwe wapi na akaitunza miaka yote. Asiyefika Nairobi hayumo ndani ya picha, lakini yumo katika historia yake kama mpokeaji na mhifadhi, na tutampata tu tukiuliza nani aliitunza.

Ndiyo maana nasikitika kuona watu wakipiga nakala ya sura ya picha na kuuacha mgongo wake. Mgongoni kuna tarehe, salamu, jina la aliyetumiwa, na pengine mhuri wa studio iliyoiosha. Yanayoandikwa hapo nayo yahitaji uangalifu: Nyamira ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii hadi mwaka 1989, kwa hiyo picha ya miaka ya 1970 iliyoandikwa "Kisii" huenda ni ya familia ya Borabu au Kitutu Masaba. Nyanda za Gusii pia zina mvua karibu mwaka mzima, na unyevu huifanya picha ya rangi ing'ang'anie kioo cha fremu na kuota ukungu. Iachiwe nafasi kati yake na kioo, iondolewe kwenye albamu zenye kurasa za gundi kama itatoka bila kuchanika, na majina yaandikwe mgongoni kwa penseli laini.

Picha za leo, za vijana wanaofika Nairobi mara ya kwanza au za wazazi waliokwenda kuwaona watoto wao Minnesota, zina hatari yake. Simu huandika tarehe ndani ya faili, na mahali pia ikiwa imeruhusiwa, lakini picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida taarifa hizo huondolewa na ubora hupungua. Ikitumwa kama hati, hubaki. Majina ya walio pichani, na ya yule aliyetumiwa, bado yatahitaji kuandikwa na mtu.