Bakteria wa Kinywani na Vyuma vya Kunyoosha Meno

Kinywa cha binadamu, hata kile kisafishwacho kila siku, ni makao ya bakteria wa mamia ya aina, na wengi wao hawana madhara. Mtu anapogandishiwa vyuma vya kunyoosha meno haletewi vijidudu vigeni. Hubadilishiwa makao ya vile alivyokuwa navyo.

Kwa kawaida uso wa jino ni laini, na ulimi, mashavu na mate huusugua mchana kutwa. Vipande vya chuma vikishagandishwa juu yake na waya kupitishwa, hutokea vichochoro ambavyo ulimi hauvifikii na mswaki huvipita juu juu. Humo utando wa bakteria hujijenga kwa utulivu. Miongoni mwao yumo Streptococcus mutans, aliyeelezwa mara ya kwanza huko Uingereza na J. Kilian Clarke mwaka 1924. Bakteria huyu huitumia sukari kwa njia mbili: sehemu huigeuza gundi ya kumshikiza jinoni, na sehemu huichachusha ikawa asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate huweza kuyarudisha madini hayo, lakini yahitaji muda, na amung'unyaye peremende kila saa hayapi muda huo.

Linalotisha ni kasi. Matibabu huchukua yapata miaka 2, ilhali pasipo usafi alama nyeupe kama chokaa zaweza kuonekana kandokando ya chuma katika wiki 4 tu, pengine kabla mgonjwa hajarudi kwa daktari. Haziumi. Mara nyingi hugunduliwa siku vyuma vinapobanduliwa: meno yamenyooka, lakini yamebaki na alama inayozunguka mahali pa kila kipande. Nyingine hufifia, nyingine hazitoki. Ufizi nao huvimba na kutoka damu, ila huo kwa kawaida hupona usafi urejeapo.

Kinga kubwa ni dawa ya meno yenye floraidi. Wakazi wa Arusha, ambako maji ya baadhi ya sehemu yana floraidi nyingi mno hata meno ya watoto huwa na rangi ya kahawia, wana sababu ya kulishuku jina hilo. Lakini kiasi kidogo kipakwacho juu ya jino, kisha povu likatemwa, huisaidia enameli kuihimili asidi. Mswaki upitishwe juu ya waya, kisha chini yake, na brashi nyembamba iingizwe katikati ya waya na jino, kila usiku kabla ya kulala.