Injini Zote Chini ya Paa Moja

Wanafunzi wetu wa historia hufunzwa kuporomoka kwa Muungano wa Kisovieti kupitia majina ya wakubwa: Brezhnev, Gorbachev, Yeltsin. Mimi ningependa walimu waanzie kwenye kiwanda cha injini za malori kilichoko Naberezhnye Chelny, kando ya mto Kama.

Uamuzi wa kujenga KamAZ ulipitishwa mwaka wa 1969, na lori la kwanza likatoka Februari 1976. Lengo lilikuwa malori 150,000 na injini 250,000 kila mwaka. Injini yenyewe, ya dizeli na silinda 8, ilibuniwa na wahandisi wa Yaroslavl, ilhali mitambo mingi ilinunuliwa ng'ambo, Marekani ikiwemo. Naam, mahasimu waliotukanana kila uchao waliuziana mashine bila haya! Biashara hiyo ilitiwa doa Desemba 1979, majeshi ya Kisovieti yalipoingia Afghanistan yakitumia malori hayo hayo. Rais Jimmy Carter akazuia vifaa zaidi kupelekwa kiwandani. (Mji nao ulibandikwa jina la Brezhnev kati ya 1982 na 1988, kisha ukarudishiwa jina lake la awali.)

Nashikilia kwamba kosa la wapangaji halikuwa ukubwa wa ndoto yao, bali kuzilundika injini zote mahali pamoja. Tarehe 14 Aprili 1993 moto ulizuka katika kiwanda cha injini. Paa lake lilikuwa na vifaa vinavyowaka upesi, nao ukaenea hadi jengo lile kubwa likateketea. Serikali iliyolijenga ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka wa 1991. Nani angelipa?

Wafanyakazi waliingia majivuni wakafukua mashine, wakazisafisha na kuzitengeneza upya. Kwa muda, malori yalitiwa injini kutoka Yaroslavl. Kabla ya mwaka kwisha, Chelny ilikuwa inaunda injini tena. Kwa hivyo siafikiani na wanaodai kuwa enzi ile haikuacha lolote ila kutu; iliacha mafundi.

Baadaye KamAZ ilishirikiana na Cummins ya Marekani na Daimler ya Ujerumani. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka wa 2022, kampuni hizo zilisitisha shughuli zao nchini humo. Swali la mwaka wa 1980 likarudi pale pale kando ya Kama: vipuri vitatoka wapi?