BEI YA MCHEZO WA KOMPYUTA NA NAMNA YA KUUTANGAZA

Yafaa ifahamike na watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla kwamba mchezo wa kompyuta ni bidhaa, na kijana anayeutengeneza peke yake nyumbani hukabiliwa na masuala yale yale ya mwenye duka: auze kwa kiasi gani, na wanunuzi wamjueje.

Watengenezaji wadogo wengi hudhani kuwa bei ya chini ndiyo mvuto. Hesabu haikubaliani nao. Duka la Steam, la kampuni ya Valve ya Marekani, hutoza ada ya dola 100 kwa kila mchezo, ambayo hurejeshwa mauzo yakifikia dola 1,000. Kisha huchukua asilimia 30 ya mauzo. Mchezo wa dola 15 humwachia mwenyewe dola 10 na senti 50 kabla ya kodi. Wa dola 1 humwachia senti 70. Aidha, bei iliyoanza juu huweza kupunguzwa kwa msimu, ilhali iliyoanza chini haipandi ila kwa manung'uniko.

Tangu mwaka 2015 mnunuzi hurejeshewa fedha zake akiomba ndani ya siku 14, maadamu hajacheza kufikia saa 2. Mchezo mfupi basi huweza kumalizwa ukarudishwa, mithili ya kanga iliyovaliwa harusini.

Mfano mwema ni wa Eric Barone wa Marekani, aliyetengeneza mchezo wa kilimo uitwao Stardew Valley kwa takriban miaka minne na nusu, picha na muziki akivifanya mwenyewe. Ulipotoka Februari 2016 aliuweka kwa dola 14.99. Hakuishusha bei hiyo kwa hofu, wala hakuipandisha. Nyongeza kubwa alizofanya baadaye, hata ile ya Machi 2024, alizitoa bure, nazo zikawa tangazo jipya kila mara. Hadi Desemba 2024 nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimeuzwa. Bahati hiyo si ya kila mtu, lakini utaratibu wake unaigika.

Kuhusu kutangaza, Valve huagiza ukurasa wa mchezo uwe wazi dukani angalau wiki 2 kabla ya kuuzwa. Wanaouweka katika orodha zao hupelekewa taarifa siku unapotoka. Kwa rai yetu muda huo ni mchache mno: Barone alianza kuonyesha kazi yake hadharani mwaka 2012.