Paka, vitabu na lugha tano

Gonjwa linafyeka karibu dunia nzima, wachache walionusurika wanajifungia nyuma ya kuta, na nje mazimwi yanazurura. Nani hajaiona hadithi ya namna hii kwenye filamu? Ndiyo maana mtu akielezwa kwa kifupi Stand Still, Stay Silent, katuni ya mtandaoni ya Minna Sundberg, ni rahisi kuipita. Atakuwa amekosa uhondo mkubwa.

Sundberg, mchoraji mwenye asili ya Uswidi na Ufini, aliianza mwaka 2013 na kuihitimisha 2022. Kisa chenyewe kinatokea miaka 90 baada ya gonjwa. Dunia inayojulikana ni Iceland pamoja na vipande vya Norwe, Uswidi, Denmark na Ufini. Iceland ilifunga mipaka mapema ikanusurika, na sasa inawazidi wenzake wote kwa idadi ya watu. Gonjwa huwapata mamalia wote isipokuwa paka, hivyo paka ndio walinzi wanaotegemewa kugundua mazimwi.

Kikosi kidogo chenye bajeti finyu kinatumwa kwenye magofu ya Denmark kuokota vitabu vya kale.

Utamu wenyewe unaanzia hapo, kwa sababu wanakikosi hawaelewani. Bendera ndogo kwenye viputo vya maneno humwonyesha msomaji nani anazungumza lugha gani. Lalli, mpelelezi wa usiku, anajua Kifini tu. Emil, kijana wa Kiswidi anayejisikia, hajui hata neno moja la Kifini. Tuuri, binamu yake Lalli, ndiye mkalimani. Asipokuwepo, vijana hao wawili hubaki na ishara za mikono na kukisiana, na urafiki unaochipuka kati yao ndio sehemu nzuri kuliko zote. Naye Reynir, aliyejikuta safarini kwa kujificha kwenye shehena, anazungumza Kiaisilandi pekee. Yeye na Lalli huelewana ndotoni tu, mahali waganga kama wao wanapokutana.

Sundberg alichora hata mti mkubwa wa lugha ndani ya katuni hiyo, nao ukasambaa sana mtandaoni kuanzia mwaka 2014. Kiswidi, Kinorwe na Kidenishi vimekaa tawi moja. Kifini kiko kwenye mti mwingine kabisa. Ukiutazama, upweke wa Lalli unaeleweka mara moja.

Mwaka 2015 chama cha wachora katuni cha Marekani kilimpa tuzo ya katuni ndefu za mtandaoni. Alistahili, hata kwa rangi peke yake: theluji na magofu ya kijivu nje, joto la rangi ya chungwa ndani ya gari la kikosi.

Mwendo wa hadithi ni wa taratibu, na utangulizi una watu wengi wasioonekana tena. Msomaji asikate tamaa hapo. Ayashike majina yao ya ukoo, Hotakainen, Västerström, Eide na Madsen, maana wazao wao ndio watakaopanda gari kwenda Denmark.