Nahodha wa jahazi si nahodha wa kandanda

Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu katika afisi yangu, katikati ya jiji la Nairobi. Nilikuwa nimewataka waeleze maana za neno "kubisha". Wote waliandika kubisha hodi. Wachache wakaongeza kukana au kushindana kwa maneno. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba chombo nacho hubisha: upepo unapotoka omoni, mabaharia hukiendesha mshazari, mara upande huu mara upande ule, hadi kifike kilikokusudiwa. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nililelewa bara, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Hata hivyo, jambo hilo lilinikera. Sisi walimu tumekuwa tukiwakaririsha vijana orodha za msamiati wa baharini: tanga, mlingoti, foromali, nanga, dira. Mwanafunzi hupata alama zake, kisha maneno hayo humtoka kabla hajafika kituo cha matatu. Anachobaki nacho ni nahodha wa kandanda na rubani wa ndege. Maneno hayo yalizaliwa na maisha ya watu, na maisha yenyewe hatuyasimulii.

Basi Jumamosi nilishika njia ya Waiyaki Way hadi Kangemi, kwa mzee mmoja mzaliwa wa Lamu anayeishi kwa bintiye. Mwaka wa 1958, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, aliingia ubaharia katika chombo cha Waarabu kilichopakia boriti za mikoko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili? Kaa basi, nikufundishe."

Alinieleza kwamba walitweka tanga mwezi wa Aprili, ili kusi iwasukume kuelekea Arabuni kabla haijapata ukali wake wa katikati ya mwaka. Vyombo vilivyoshushwa na kaskazi kuanzia Desemba havikuwa na njia nyingine ya kurejea kwao ila kuusubiri upepo huo. Kazi ya kwanza baada ya sala ya alfajiri ilikuwa kufua maji. Chombo cha mbao huvuja hata kikitiwa kalafati vipi, na yule aliyeshuka ngamani na upo wake alipanda akinuka maji yaliyooza. Chakula kilipikwa kwenye sanduku lililojazwa mchanga, moto usije ukashika mbao: wali, papa mkavu, tende. Choo kilikuwa kijisanduku kilichoning'inizwa nje ya ubavu wa chombo, na mzee alicheka sana alipoona ninavyokunja uso. Walilala juu ya shehena, chini ya nyota.

Nikamwuliza ni dhoruba gani iliyomtisha zaidi. Akatikisa kichwa. "Si dhoruba. Ni shwari. Tanga limelala, na mai ya kunwa yanapungua. Nahodha alitupimia kata moja asubuhi, kata moja jioni."

Msomaji mpenzi, hebu lifikirie neno hilo. Hapa Nairobi, mtu akiulizwa hali hujibu kwamba mambo ni shwari, akimaanisha heri tupu. Mwaka wa 2012 hata huduma ya mikopo ya simu ilipewa jina linalotokana na neno hilo. Kwa abiria mwenye kuogopa mawimbi, shwari ni neema. Kwa baharia asiye na injini, yaweza kuwa kiu. Kamusi haina makosa inapotaja utulivu, ila haituambii ni utulivu wa nani.

Wala mzee huyu hatii chumvi. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri mwishoni mwa mwaka wa 1938 kutoka Aden katika chombo cha Kuwait, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakapita Mombasa na Unguja hadi Rufiji. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1940. Humo anasimulia abiria zaidi ya mia moja waliobanana sitahani, nyimbo za mabaharia wakivuta kamba, na madeni. Naam, madeni: baharia alichukua fedha za kuwaachia jamaa zake kabla ya safari, na mwisho wa safari mgawo wake mara nyingi haukutosha kulipa. Wale wanaotupambia maisha ya jahazi kama pumziko la kitalii wangefaa kuisoma sehemu hiyo kwanza.

Walimu wenzangu, wazee wa namna hii wanakwisha, na baadhi yao wako papa hapa jijini, si Lamu peke yake. Kumwalika mmoja darasani hakuhitaji fedha za wizara.

Jumatatu niliwarudishia wanafunzi karatasi zao bila kuwapunguzia alama kwa neno kubisha. Badala yake niliwaomba waniandikie siku moja ya shwari, pipa la maji likiwa limebaki moja. Kazi tatu zimekwisha kunifikia. Moja imeandikwa na msichana wa Kawangware, ambako mifereji hukauka kwa siku kadhaa na maji hununuliwa kwa mtungi. Ameeleza jinsi mabaharia walivyokadiria maji ya wali, ya kunywa na ya mgonjwa, na nani aliyekesha akililinda pipa. Bahari hajaiona bado.