Rojo la Vitunguu la Kuchovya Bhajia: Utamu, Usalama na Faida



Jioni ukipita Gatwekera utakuta karai za mafuta kila mahali: hapa bhajia, pale viazi karai, mbele kidogo chipo na mihogo. Kawangware, karibu na steji ya 46, ni hivyo hivyo. Viazi ni vile vile na bei zinakaribiana. Basi kwa nini mteja ampite mama wa kwanza na wa pili, akapange foleni kwa yule wa tatu? Mara nyingi sababu iko kwenye bakuli la pembeni. Ni ile sosi.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kutengeneza rojo zito la vitunguu na mala, lenye pilipili kidogo tu, hata mtoto analila. Halihitaji friji wala mashine. Lakini linahitaji usafi wa kweli, kwa sababu bakuli hilo linalomleta mteja ndilo linaloweza kumpeleka hospitali.

HATARI IKO WAPI?

Watu wengi wanafikiri chakula cha barabarani ni hatari chote. Si kweli. Mafuta ya karai yanafika nyuzi joto 170 hivi, na bhajia ikitoka humo viini vya ugonjwa vimeshakufa. Shida inakuja na kile tunachoweka juu yake: kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu, sosi iliyozimuliwa kwa maji ya mtungi, au rojo la jana lililofunikwa na sahani. Hivyo vyote havipiti motoni tena. Vinaenda moja kwa moja mdomoni.

Wengi mnakumbuka mwaka 2017, kipindupindu kilipozuka Nairobi. Hata watu waliohudhuria mkutano katika hoteli kubwa waliugua. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa maskini peke yao. Ni ugonjwa wa maji na mikono michafu. Tofauti ni kwamba hoteli kubwa inaweza kufunga wiki mbili na kufungua tena. Kikundi chenye karai moja kikiharibu jina, kurudi si rahisi.

MAJI KWANZA

Sehemu nyingi za Kibera mabomba ya plastiki yanapita kando ya mitaro, na mengine ndani ya mtaro wenyewe. Maji yakikatika, bomba lenye ufa linavuta uchafu wa nje. Yakirudi, uchafu huo unaingia kwenye mtungi wako, na huwezi kuuona kwa macho. Ndiyo sababu SHOFCO, shirika lililoanzishwa na Kennedy Odede wa hapa Kibera mwaka 2004, lilipitisha mabomba yake juu kwenye nguzo, mbali na mitaro. Lakini hata maji mazuri yanaweza kuchafuka ndani ya mtungi usiooshwa.

Kwa kazi hii fanya moja kati ya haya mawili:

1. Chemsha maji mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja au zaidi, kisha yafunike. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Usiogope, joto hilo linatosha kuua viini.

2. Au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, koroga, ungoje dakika 30 kabla ya kuyatumia.

VITU UNAVYOHITAJI

- Mala lita 1
- Vitunguu maji vyekundu nusu kilo (vikubwa 4 au 5)
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 3
- Kitunguu saumu punje 3
- Pilipili kali 1 ndogo
- Bizari ya unga nusu kijiko cha chai
- Chumvi kijiko kidogo kimoja
- Limau nusu
- Kitambaa cheupe safi, sufuria, na chombo chenye kifuniko

Vitunguu vingi vya sokoni Nairobi vinatoka Tanzania kupitia Namanga, pamoja na vile vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi. Vyetu vinalimwa sehemu kama Loitokitok na Kieni. Chagua kitunguu kigumu, chenye shingo iliyokauka na ganda linalochakarisha. Kile chenye shingo laini kimeanza kuoza ndani, hata kama nje kinang'aa.

Mala ya pakiti inafaa kwa sababu imetokana na maziwa yaliyokwisha kupashwa moto kiwandani. Ukitaka kugandisha mwenyewe, chemsha maziwa mpaka yapande, yapoe kabisa, kisha koroga ndani yake vijiko 3 vya mala mpya kwa kila lita. Funika na uache mahali pasipo baridi kwa saa 18 hadi 24. Usitumie kamwe maziwa mabichi. Yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu, na kuganda peke yake hakuui viini hivyo.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Chemsha kitambaa dakika 10, kikamue. Mimina mala ndani, funga, ning'iniza juu ya sufuria safi. Funika nzi wasiguse. Baada ya saa 2 au 3 maji yatakuwa yametoka, na kitambaani itabaki mala nzito kama siagi laini, karibu nusu ya ile uliyotia.

2. Menya vitunguu, vioshe kwa maji salama, uvikate vyembamba.

3. Pasha mafuta, tia vitunguu na nusu ya chumvi. Sasa punguza moto. Pika polepole kwa dakika 25 hadi 30, ukigeuza mara kwa mara, mpaka viwe laini na rangi ya kahawia kama chai ya maziwa. Vikianza kushika, nyunyiza maji kijiko kimoja.

4. Toa mbegu za pilipili na utando mweupe wa ndani, uikate ndogo ndogo. Itie pamoja na kitunguu saumu kilichopondwa na bizari. Geuza dakika 2 au 3, epua.

5. Acha vitunguu vipoe kabisa, vikiwa vimefunikwa.

6. Vichanganye na mala nzito, chumvi iliyobaki na maji ya limau. Onja kwa kijiko safi. Ukitaka rojo laini zaidi, viponde vitunguu kwanza kwa mwiko.

KWA NINI TUNAFANYA HIVYO?

Ukijua sababu ya kila hatua hutahitaji kubeba karatasi hii kila siku.

Kwa nini moto mdogo? Kitunguu kina sukari nyingi kuliko ulimi unavyohisi, kwa sababu ule ukali unaotoa machozi unaifunika. Joto la polepole linaondoa ukali na maji, na sukari inageuka kahawia. Moto mkali unaunguza nje na kuacha ubichi ndani. Rojo linakuwa chungu, na limau haliwezi kulitengeneza.

Kwa nini vipoe kwanza? Mala ikikutana na joto, protini zake zinajikunja na kutoa maji. Tunasema imekatika. Utaona mabonge na maji juu, na mteja atafikiri limeharibika.

Kwa nini tutoe utando wa pilipili? Ukali mwingi uko pale kwenye utando mweupe ulioshika mbegu. Tena ukali huo hauyeyuki kwa maji, unayeyuka kwa mafuta. Ndiyo maana tunaitia pilipili kwenye mafuta ya vitunguu, isambae sawasawa badala ya kumngoja mtu mmoja kwenye tonge moja. Na maziwa yenyewe yanaupoza ukali huo mdomoni.

Yale maji ya mala usiyamwage. Kandia mandazi au chapati siku hiyo hiyo.

KUHIFADHI NA KUUZA

Uchachu wa mala unazuia viini vingi visizaliane upesi, lakini si dawa ya kila kitu. Kanuni za Shirika la Afya Duniani zinasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Kwa kibanda kisicho na friji, fuateni utaratibu huu:

- Tengenezeni rojo la siku hiyo tu, karibu na saa ya kuuza. Kwa mfano, mala ichujwe mchana ili rojo liwe tayari saa kumi na moja jioni.
- Gaweni kwenye vyombo vidogo viwili au vitatu vyenye vifuniko. Kimoja kiwe mezani, vingine vikae ndani ya beseni la maji baridi, kivulini.
- Likibaki mwisho wa jioni, limwagwe. Msichanganye la jana na la leo. Kijiko kimoja cha jana kinaharibu sufuria nzima ya leo.
- Mteja asichovye bhajia kwenye bakuli la watu wote. Akiuma na kuchovya tena, mate yake yanaenda kwa wote wanaofuata. Muuzaji amtilie kwa kijiko kwenye karatasi au sahani yake.
- Anayepokea pesa asishike chakula. Mkiwa wawili kibandani, gawaneni kazi.
- Mwenye kuharisha au kidonda mkononi apumzike mpaka apone. Na kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti chake cha afya.

JE, KUNA FAIDA?

Hapa ndipo vikundi vingi vinaumia. Sosi inatolewa bure bila kuhesabiwa, halafu mwisho wa mwezi watu wanashangaa pesa zimeenda wapi. Tuhesabu pamoja. Bei hizi ni za mfano tu, wekeni za sokoni kwenu:

Mala lita 1: sh. 130
Vitunguu nusu kilo: sh. 60
Mafuta, viungo na limau: sh. 35
Makaa na maji: sh. 30
Jumla: sh. 255

Kiasi hiki kinatoa vijiko vikubwa kama 40. Gawanya 255 kwa 40: kila kijiko kimekugharimu karibu sh. 6 na senti 40. Mteja akitiliwa vijiko viwili bure kwenye bhajia za sh. 50, umempa karibu sh. 13. Je, bhajia zenyewe zilikuachia faida ya sh. 13? Kama hapana, umefanya kazi jioni nzima kwa hasara, tena ukishukuriwa.

Njia ni mbili. Ama kijiko kimoja kiwe ndani ya bei na cha pili kilipiwe sh. 10, ama bei ya sahani ipande kidogo na mteja aelezwe anachopata. Pia hesabu irudiwe kila bei inapobadilika. Mwaka 2023 vitunguu vilipanda sana, na aliyeendelea na hesabu ya zamani alikuwa akiwalisha wateja kwa mtaji wake.

Kupunguza gharama inawezekana. Kiazi kimoja kilichochemshwa na kupondwa vizuri kinaongeza rojo bila kuharibu ladha sana. Lakini msizimue kwa maji. Mteja analijua rojo la maji, na maji hayo ndiyo mlango wa ugonjwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Maji tunayotumia kibandani yanatoka wapi, na nani kati yetu ana jukumu la kuyachemsha au kuyatia dawa?
2. Jana tulitoa vijiko vingapi vya sosi bure? Viligharimu pesa ngapi?
3. Rojo likibaki jioni, nani ana mamlaka ya kusema limwagwe, na je, wengine watamsikiliza?

Swali hilo la tatu lijadilini bila haraka. Kumwaga chakula kunauma, hasa pale ambapo kila shilingi ina kazi yake. Basi afadhali mtengeneze kidogo kikaisha mapema, mteja wa mwisho aambiwe arudi kesho. Atarudi.